Naibu waziri aliyeomba achorwe vibaya: kisa cha Canning na Gillray, London, 1795–1801

Tarehe 20 Oktoba 1796 duka la picha la Hannah Humphrey, nambari 37 New Bond Street, London, lilitoa picha ya mtaa unaoteketea. Askari wa Kifaransa wamejaza barabara, kasri la mfalme linawaka moto, na nje ya klabu moja ya wakubwa ipo taa ya mtaani ambayo mkono wake wa chuma umebeba watu wawili walionyongwa, wamepeana migongo. Mmoja wao ni George Canning, kijana wa miaka 26, naibu waziri wa mambo ya nje. Aliyemtundika ni James Gillray, mchora vibonzo aliyeogopwa kuliko wote mjini. Na aliyeomba achorwe, kwa namna yoyote ile mradi achorwe, ni Canning mwenyewe.

Kisa hiki husimuliwa kama mzaha wa mwanasiasa mwenye njaa ya kuonekana. Mzaha umo. Lakini kikifuatwa hatua kwa hatua kinageuka kuwa hesabu ya biashara: nani alihitaji nini, dalali alikuwa nani, malipo yalikuwa kiasi gani, na bidhaa iliharibikia wapi. Kabla mwaka 1797 haujaisha, mchoraji aliyemtia Canning kitanzi alikuwa anakula posho ya serikali ya Canning.

Mkubwa mmoja, sura mbili

Kabaila wa Kiingereza wa zama hizo alikuwa na sura mbili, na kila moja ilikuwa na soko lake. Ya kwanza ilikuwa ya rangi ya mafuta. Joshua Reynolds, rais wa kwanza wa Royal Academy, chuo cha kifalme cha sanaa, kuanzia 1782 alitoza gini 200 kwa picha ya mwili mzima. Gini moja ni shilingi 21, kwa hiyo mteja alitoa pauni 210 ili ajione amesimama kando ya nguzo ya mawe, joho likimwagika, mbwa wa kuwindia akimtazama kwa utii. Picha ile ilitundikwa kwenye ngazi za nyumba ya shamba, na walioiona ni wageni, watumishi na wajukuu.

Sura ya pili ilichapwa kwa sahani ya shaba. Karatasi ndogo isiyo na rangi iliuzwa shilingi moja, ya rangi shilingi mbili hivi, na kubwa zilipanda zaidi ya hapo. Kibarua wa London alipata kama shilingi mbili kwa siku, hivyo tusijidanganye kwamba kila mtu alinunua. Walionunua ni wenye nazo, mara nyingi walewale waliochorwa, na rafiki zao, na zaidi adui zao. Duka la S. W. Fores la Piccadilly lilifikia hatua ya kukodisha majalada ya vibonzo kwa jioni moja, kama leo mtu anavyokodi viti na maturubai ya sherehe, ili wageni wawe na cha kuchekea baada ya chakula. Wasio na hela walitazama dirishani bure. Gillray mwenyewe ametuachia picha ya dirisha hilo katika kibonzo cha 1808, Very Slippy-Weather: mzee ameteleza kwenye barafu, amebwagwa chini mbele ya duka la Humphrey, na nyuma yake watu wamekazia macho vioo vilivyojaa picha kana kwamba hakuna aliyeanguka.

Dirisha lile lilikuwa ndiyo orodha ya watu wenye uzito. Waziri Mkuu Pitt yumo kila wiki, Fox, kiongozi wa upinzani, yumo, Mwanamfalme wa Wales yumo na tumbo lake. Mbunge asiyekuwemo alikuwa bado hajafika.

Canning alikuwa na sababu ya kuhesabu mambo kama hayo. Baba yake alifariki mtoto akiwa na mwaka mmoja, na mama yake, Mary Ann Costello, akapanda jukwaani kuigiza ili apate riziki, kazi ambayo kwa jamii ya wakati ule ilikuwa doa. Kijana alilelewa na baba yake mdogo, akasomeshwa Eton na Oxford, akaingia bungeni 1793. Alikuwa na ulimi, akili na mlezi mkubwa, Waziri Mkuu William Pitt. Ukoo wa kumbeba hakuwa nao. Gini 200 zingemnunulia joho na nguzo, lakini hakuwa na ngazi za nyumba ya shamba za kutundikia picha yenyewe.

(Msomaji wa Pwani anaweza kuwa ameshalikuta jina hili kwingine. Mwanawe, Charles Canning, akiwa mtawala wa Uingereza huko India, ndiye aliyetoa uamuzi wa Aprili 1861 uliotenganisha Zanzibar na Oman na kumwagiza Sayyid Majid alipe reale 40,000 kila mwaka kwa ndugu yake wa Maskati.)

Dalali kutoka Elford

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Canning alijitembeza. Hakumwendea Gillray mwenyewe, maana lingekuwa jambo la aibu. Alimtumia John Sneyd, kasisi wa Elford huko Staffordshire, rafiki yake aliyependa kuchora na aliyekuwa akimpelekea Gillray mawazo ya vibonzo. Mawazo ya watu wa nje yalikuwa sehemu ya kawaida ya kazi. Mabwana walileta michoro yao ya mkono, yenye vichwa vilivyopinda na maelezo marefu, na Gillray akaichukua ile ya maana na kuifanya picha. Very Slippy-Weather, kwa mfano, lilikuwa wazo la Sneyd. Kwa hiyo barua ya kasisi ilikuwa njia salama: inasomeka kama shauku ya mpenzi wa sanaa, na kumbe ndani yake kuna ombi la mwanasiasa.

Ombi lilianza 1795. Jibu lilichukua zaidi ya mwaka, na kuchelewa huko kuna sababu mbili zinazofaa kutazamwa.

Ya kwanza ni ya ufundi. Kibonzo kinasimama juu ya alama. Mtazamaji akiwa barabarani, hatua tatu kutoka kioo, lazima amjue mtu kabla hajasoma neno. Fox alikuwa rahisi: nyusi nene nyeusi, mashavu yasiyonyolewa, tumbo. Pitt alikuwa mwembamba kama ufito, pua imechongoka na kuinuka. Edmund Burke, mwandishi na adui mkubwa wa Mapinduzi ya Ufaransa, alikuwa na miwani, Sheridan, mbunge wa upande wa Fox, pua nyekundu ya mlevi na kila mara fedha za watu mkononi. Alama hizi hazikuzaliwa siku moja. Gillray alikuwa akiwavizia wakubwa barabarani na kuwanasa kwa penseli kwenye vikadi vidogo, kisha akarudia chapa ileile picha baada ya picha mpaka umma ukaizoea. Canning alikuwa kijana mwenye sura nzuri, nadhifu, asiye na kasoro ya kushikia. Mchoraji hana la kufanya na sura nzuri. Kumchora peke yake mwaka 1795 kungemlazimu kuandika jina chini yake, na kibonzo kinachohitaji jina kimeshashindwa nusu.

Sababu ya pili ni kesi. Januari 7, 1796 alizaliwa Charlotte, binti wa Mwanamfalme wa Wales. Siku mbili baadaye likatoka karatasi la Gillray, The Presentation, likimwonyesha baba mtu akiyumba kwa ulevi, huku Fox akimbusu mtoto matakoni, na jina la pili la picha likigusa wale mamajusi waliomletea Yesu zawadi. Kwa kumtukana mrithi wa ufalme huenda angeachwa. Kugusa Injili kulileta mashtaka ya kufuru, na mwezi huohuo Gillray akakamatwa, kisha akatoka kwa dhamana. Mashtaka hayakufika mbali. Ila kwa naibu waziri mpya kabisa, aliyeanza kazi mwezi huo huo, haukuwa wakati wa kuonekana karibu na mtu huyo, wala kwa mchoraji haukuwa wakati wa kusahau kwamba rafiki ndani ya serikali ana faida.

Hapa pana jambo linalowachanganya wengi: kwa nini waliotukanwa hawakushtaki? Aliyetaka kushtaki ilimbidi asimame mahakamani na kuapa kwamba yule mwenye tumbo na pua nyekundu ni yeye. Tena baada ya sheria ya kashfa ya 1792, ambayo Fox ndiye aliyeipigania, jopo la raia ndilo lililoamua kama maandishi ni kashfa au la, na jopo linalocheka ni hatari kwa mlalamikaji. Ndiyo maana wakubwa wengi walipendelea njia ya mkoba. Mwaka 1820 George Cruikshank alitia saini stakabadhi ya pauni 100 kwa ahadi ya kutomchora mfalme George IV katika hali ya aibu.

Kuisoma picha yenyewe

Jina lake refu linaanza Promis'd Horrors of the French Invasion, yaani balaa lililoahidiwa la uvamizi wa Wafaransa, na linaendelea kudai kwamba hizi ni sababu nzito za kufanya amani na wauaji wa mfalme, kwa ushahidi wa Edmund Burke. Majira yake yalikuwa barabara. Oktoba 1796 mjumbe wa Uingereza, Lord Malmesbury, alikuwa anakwenda Paris kuzungumzia amani, huku Burke akichapisha barua zake za kupinga amani yoyote na watu waliomkata kichwa Louis XVI.

Mtazamaji amesimama St James's Street, uso wake ukielekea kusini kwenye kasri. Kushoto ni White's, klabu ya watu wa Pitt, inavamiwa. Kulia ni Brooks's, klabu ya Fox, mambo yao mazuri. Katikati Pitt amefungwa kwenye nguzo ya uhuru yenye kofia nyekundu juu, mgongo wazi, na Fox anamshushia viboko kwa raha isiyofichika. Sheridan anaingia Brooks's na mabaki ya hazina ya taifa. Burke anarushwa hewani na fahali, ambaye ni Duke wa Bedford. Mwaka huo huo Burke alikuwa amemwandikia duke yule waraka mkali, na sasa amepewa pembe zake.

Canning yuko kwenye taa ya White's. Mwenzake wa kitanzi ni Robert Jenkinson, wakati huo tayari anaitwa Lord Hawkesbury, ambaye aliwahi kujigamba bungeni kwamba jeshi linaweza kuandamana mpaka Paris. Waliomcheka kwa maneno hayo hawakuisha, na Canning alikuwa wa mbele. Gillray amemning'inizia Hawkesbury karatasi yenye maneno ya safari mpya ya Paris.

Tazama jinsi tatizo la alama lilivyotatuliwa. Canning hatambuliki kwa uso. Anatambulika kwa jirani. Wote waliojua mzaha wa Paris walijua nani alikuwa swahiba wa Hawkesbury, na nani alimtania zaidi, kwa hiyo kumfunga mgongo kwa mgongo na mtu mwenye alama ilitosha. Ni ujanja wa fundi, na pia ni kofi dogo: mtu aliyetaka picha yake mwenyewe kapewa nafasi ya kujazia pembe, nusu ya mzigo wa taa moja, katika karatasi lenye makumi ya watu. Wale wanaoandika kwamba Gillray "alimtii" Canning nadhani hawajaiangalia picha kwa ukaribu.

Jambo la pili la kuangalia ni upande gani unachekwa. Watu wa Fox wanaonekana wauaji, sawa. Lakini picha inasema pia kwamba jinamizi hili lote limetoka kichwani mwa Burke, na Pitt aliye mgongo wazi akichapwa haonekani shujaa wa taifa. Mtu wa White's angeinunua, na mtu wa Brooks's angeinunua pia. Makali hayo ya pande mbili ndiyo yaliyokuwa mtaji wa Gillray. Yaweke akilini, kwa sababu ndiyo yaliyouzwa mwaka uliofuata.

Jinsi sahani ilivyotengenezwa

Gillray alijifunza kuchonga herufi akiwa kijana, kisha akasoma Royal Academy kuanzia 1778. Alipojaribu kuwa mchonga picha za heshima hakufika popote: mwaka 1789 alichonga picha rasmi ya Pitt, na uso uliotoka ulikuwa umeegemea kejeli mno kuuzika kama heshima. Mkono wake ulikuwa umeshaamua.

Kazi ilianza na bamba la shaba lililosuguliwa mpaka liwe kama kioo, kingo zake zikapigwa msasa zisikate karatasi. Bamba hupashwa moto, hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu, kisha hugeuzwa na kufukizwa kwa moshi wa mishumaa hadi nta iwe nyeusi. Mchoro huhamishwa juu yake kwa karatasi iliyopakwa chaki upande wa nyuma. Kisha sindano huchana nta na kuiacha shaba ing'ae kwenye kila mstari. Nta ikiwa nene, sindano inateleza na mstari unakatika. Ikiwa nyembamba mno, tindikali hupenya pasipotakiwa na bamba linatoka na ndui.

Kingo hujengewa ukuta wa nta, na ndani humiminwa tindikali ya nitriki iliyozimuliwa kwa maji. Viputo vinavyoota kwenye mistari hupanguswa kwa unyoya wa ndege, vinginevyo shaba huliwa kwa madoa. Mistari inayotakiwa kubaki hafifu, kama ya nyuso na moshi wa mbali, huzibwa kwa vanishi baada ya muda mfupi, na mingine hurudishiwa tindikali iliwe zaidi. Mwisho nta huoshwa, na fundi huongeza mikwaruzo kwa patasi ndogo au sindano kavu.

Kila kitu kwenye bamba kiko kinyume. Ili White's itoke kushoto, mahali ilipo kweli ukitazama kasri, Gillray ilimbidi aiweke kulia kwenye shaba, na majina ya mabango yote ayaandike kutoka kulia kwenda kushoto kama herufi zilizotazamwa kiooni. Wachongaji wanafunzi walinaswa hapo mara nyingi: utawaona mashujaa wenye panga mkono wa kushoto. Gillray alikuwa fundi wa herufi, hakunaswa.

Kisha wino unasukumwa ndani ya mistari, juu panafutwa kwa kitambaa na kiganja, karatasi yenye unyevu inalazwa, blanketi juu yake, na vyote vinapitishwa katikati ya magogo mawili ya mashine. Rangi haikuchapwa. Wapakaji waliketi na nakala ya mfano mbele yao wakatia rangi ya maji kwa brashi, karatasi baada ya karatasi, ndiyo maana nakala mbili za picha moja zinaweza kuwa na makoti ya rangi tofauti bila yoyote kuwa bandia.

Chini kabisa ya kila karatasi kuna mstari mdogo wa tarehe na jina la mchapaji. Haukuwa pambo. Sheria ya mwaka 1735, iliyopiganiwa na William Hogarth, ilimpa mwenye sahani haki ya miaka 14 kwa sharti kwamba tarehe na jina la mwenye mali viwepo juu ya bamba na juu ya kila nakala. Miaka hiyo baadaye iliongezwa kuwa 28. Ndiyo sababu vibonzo hivi, tofauti na picha nyingi za rangi ya mafuta, vinatuambia siku yake kamili.

Pauni 200

Baada ya kitanzi Canning alirudi mara moja dirishani. Januari 21, 1797 Gillray alimchora Pitt kama jitu lililotanua miguu juu ya kiti cha Spika, linarusha dunia kama mtoto anavyocheza na mpira wa kamba. Mguu mmoja unawaponda wapinzani. Ule mwingine unashikiliwa na waungaji mkono, na Canning amepiga magoti akibusu ncha ya kiatu. Sasa anajulikana: alama yake imekuwa ni kitendo, kubusu kiatu.

Mwaka huo Pitt hakupumzika. Februari Benki ya Uingereza ilisimamisha kulipa dhahabu kwa noti, na Machi 9 Gillray akamchora waziri mkuu kama Midasi, mfalme wa hadithi aliyegeuza kila alichogusa kuwa dhahabu, tumbo limejaa sarafu, mdomo ukitapika karatasi. Mei 22 ikafuata picha ya bikizee aliyevaa gauni la noti, ameketi juu ya sanduku la hazina, huku Pitt akimkumbatia kwa mapenzi ya uongo na mkono wake ukiingia mfukoni mwake. Jina alilopewa, Bikizee wa Mtaa wa Threadneedle, benki ile inaitwa nalo hadi leo. Hakuna chama cha upinzani kilichomwumiza Pitt kwa kalamu kiasi hicho.

Kufika mwisho wa 1797 Gillray alikuwa na posho ya pauni 200 kwa mwaka kutoka serikalini, iliyopitia mikono ya Canning. Tufanye hesabu. Pauni 200 ni shilingi 4,000. Kwa karatasi ya rangi ya shilingi mbili, ni mauzo ya nakala 2,000, kabla hujatoa gharama za karatasi, wino, wapakaji na fungu la Humphrey. Bamba la shaba huchakaa baada ya mamia kadhaa ya nakala nzuri na kuanza kudai matengenezo. Kwa mtu aliyeishi chumba cha juu ya duka, kwa kazi ya tindikali na macho, zilikuwa fedha ambazo hakuna picha moja ingemletea.

Alilipwa afanye nini? Novemba 1797 Canning na wenzake walianzisha gazeti la kila wiki, The Anti-Jacobin, lililohaririwa na William Gifford na kudumu hadi Julai 1798. Gillray akawa mkono wao wa picha. Tarehe 1 Agosti 1798 alitoa New Morality, karatasi refu la kukunjwa lenye umati wa waandishi na wanasiasa wakiabudu miungu ya Mapinduzi ya Ufaransa. Novemba mosi ikaja Doublûres of Characters, na hii ndiyo picha inayofundisha zaidi katika kisa chote.

Humo kuna vichwa saba vya wapinzani, kila kimoja kimechorwa kama picha ya heshima ya kweli kabisa, mkono wa mtu aliyesoma Royal Academy. Nyuma ya kila kichwa kuna pacha wake. Fox amebadilika taratibu kuwa Shetani. Sheridan ni Yuda na mfuko wake. Duke wa Norfolk, mnene, ni Silenus, mlevi wa hadithi za Kigiriki. Earl wa Derby ni nyani. Bedford, tajiri kuliko karibu wote, amekuwa mpanda farasi wa mashindano. Gillray anachukua mafundisho ya Lavater, aliyedai kwamba moyo wa mtu husomeka usoni, na kuyageuza panga. Kwa ufundi ni ya juu mno: hatua kutoka uso hadi pacha ni ndogo kiasi kwamba ukirudi kwenye uso wa kwanza huwezi tena kuuona bila nyani.

Lakini hesabu nyuso. Saba, zote za upande mmoja. Hakuna Pitt, hakuna Hawkesbury, hakuna Canning. Yale makali ya pande mbili ya Oktoba 1796 yamekwisha. Mnunuzi wa Brooks's, ambaye zamani alicheka pamoja na wengine, sasa anasoma tangazo la serikali lililochorwa vizuri. Canning alinunua jina la mtu asiyeogopa mkubwa yeyote, na kwa kulinunua tu akalipunguza thamani.

Mapatano yenyewe hayakuwa matamu kwa mchoraji. Mpango wa 1798 wa mfululizo wa picha 20 kuhusu matokeo ya uvamizi wa Wafaransa, uliosukumwa na Sir John Dalrymple, uliishia kwenye picha nne. Mwaka 1800 toleo la kifahari la mashairi ya Anti-Jacobin, ambalo Gillray alikuwa ameanza kulichongea sahani, lilivunjika baada ya watu wa Canning kuingiwa hofu na atakachowaonyesha. Waliomwajiri kwa sababu ya ukali sasa walitaka kuuona ukali kabla haujatoka. Mwanzoni mwa 1801 Pitt alijiuzulu, na posho ikakatika.

Baada ya hapo makali yalirudi. Februari 26, 1805 Pitt na Napoleon wameketi meza moja, kati yao dunia nzima imeiva kama pudingi. Napoleon anakata Ulaya kwa upanga, na Pitt, mwembamba vilevile, anajikatia bahari kwa utulivu, kipande kikubwa kuliko cha mwenzake. Macho ya Gillray yalianza kufifia mwaka uliofuata, kazi yake karibu ikome baada ya 1809, kisha akili ikamwacha. Alifariki Juni 1, 1815 juu ya duka la Humphrey, ambalo tangu 1797 lilikuwa limehamia nambari 27 St James's Street, mtaa uleule alioutia moto. Canning alipata uwaziri mkuu Aprili 1827 na kufariki Agosti, siku 119 baadaye, akiwa ameshachorwa kwa rangi ya mafuta na Thomas Lawrence, mikono amekunja kifuani.

Ukikutana na nakala

Picha ya taa ya White's bado huuzwa, na makosa ya wanunuzi ni yaleyale. Sahani nyingi za Gillray zilinusurika, zikaangukia mikononi mwa Henry Bohn, aliyezichapa upya karibu na katikati ya karne ya 19. Chapa za Bohn zimetoka kwenye shaba ileile, kwa hiyo mistari ni ya kweli na tarehe ya 1796 bado ipo chini, na ndiyo inayomdanganya mtu. Tazama kwanza nyuma ya karatasi: Bohn alichapa pande zote mbili, picha nyingine ikiwa mgongoni. Tazama kona ya juu kulia kama kuna nambari ya sahani. Inua karatasi kwenye mwanga utafute alama ya maji ya mtengenezaji, mara nyingi J. Whatman, ambayo kwenye karatasi za miaka ya 1790 huweza kuwa na mwaka. Mwaka huo ukiwa wa baadaye kuliko ule wa picha, umepata jibu. Rangi isikushawishi, kwani chapa za Bohn zilitolewa bila rangi na wengine wamezipaka baadaye.

Kisha chukua kioo cha kukuzia, uende kushoto, kwenye mkono wa taa. Mistari iliyoliwa kwa kina, kama ya fremu za madirisha na migongo ya askari, huhimili mashine kwa muda mrefu. Ile hafifu ya nyuso ndogo hufifia mwanzo kabisa. Kwenye nakala ya mapema Canning ana macho, pua na mdomo.